Historia ya Maktaba za Nairobi, na Jinsi Zilivyochelewa Kufika Kibera na Kawangware



Katika taarifa ya kila mwaka mmezoea kusoma habari za ada, za misiba, za wagonjwa waliosaidiwa, na za fedha zilizosalia benki. Hayo yote yamo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Katika kurasa hizi twaomba ruhusa yenu tueleze jambo jingine, nalo ni historia ya maktaba za mji wetu.

Twafanya hivyo kwa sababu katika mkutano mkuu litaletwa pendekezo la kutenga chumba kimoja cha jengo la chama, ambacho kingeweza kupangishwa mfanyabiashara, kiwe chumba cha kusomea. Baadhi ya wazee wameuliza, na swali lao ni la haki: Kwa nini chama cha ustawi, ambacho kazi yake ni kuzika na kuuguza, kijiingize katika mambo ya vitabu? Je, hiyo si kazi ya Serikali? Twaona kwamba ni afadhali historia yenyewe ijibu. Mtu akijua jinsi maktaba zilivyoingia Nairobi, ni mitaa gani iliyopewa na ni mitaa gani iliyopitwa, ataweza kukata shauri mwenyewe.

WASOMAJI WALITANGULIA MAKTABA

Kwanza hatuna budi kuondoa kosa moja. Wako wanaosema kwamba watu wetu hawakuwa na maktaba kwa sababu hawakupenda kusoma. Habari za zamani hazikubaliani na maneno hayo.

Katika nchi hii maktaba ya watu wote ilianza pwani. Mwaka 1903 ilifunguliwa Mombasa Maktaba ya Seif bin Salim, pamoja na chumba cha kusomea bila malipo. Wakati huo Nairobi ulikuwa mji mchanga mno, kwani reli ilikuwa imefika hapa mwaka 1899 tu, na mahali hapa palikuwa kambi ya mahema na vibanda vya mabati.

Hata hivyo kusoma kulikuwako. Huko Kibera, askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles waliopewa mahali pa kukaa pamoja na jamaa zao walikuwa Waislamu, na watoto wao walisoma Kurani chuoni. Upande wa Dagoretti, ambako Kawangware imo, misheni ya Waskoti ilikuja mwaka 1898 na kukaa Thogoto, ikafundisha watu kusoma na kuandika. Na mwaka 1926 ilifunguliwa jirani na hapo shule ya Alliance, ambayo sifa yake yajulikana na kila mzazi.

Magazeti nayo yalisomwa. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walipotaka kupaza sauti juu ya kodi na kipande, walitumia karatasi zilizopigwa chapa, na aliyewasaidia kuzichapa alikuwa Mhindi mwenye gazeti, Manilal Ambalal Desai. Mwaka 1939 likaanza gazeti la Kiswahili la Baraza, ambalo mhariri wake alikuwa Mwafrika, Bwana Francis Khamisi. Gazeti moja halikuwa la mtu mmoja. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti katika duka la chai, na wasiojua walisikiliza na kuulizana maswali. Kwa hiyo wasomaji walikuwako, na wasikilizaji walikuwa wengi kupita wasomaji. Walichokosa ni nyumba.

NYUMBA YENYE SIMBA WAWILI

Nyumba ilijengwa, lakini haikujengwa kwa ajili yao. Kila mwanachama aliyepita karibu na Msikiti wa Jamia ameiona ile nyumba ya mawe yenye nguzo ndefu na simba wawili mbele ya ngazi. Hiyo ndiyo Maktaba ya McMillan. Sir William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani mwenye mali, mzaliwa wa St. Louis, aliyekuja kulima na kuwinda katika nchi hii. Alikufa mwaka 1925, akazikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mkewe, Lady Lucie McMillan, alitaka mumewe akumbukwe kwa maktaba, na Shirika la Carnegie la New York likasaidia. Maktaba ilifunguliwa mwezi wa Juni mwaka 1931, na mwaka 1938 ikatungiwa sheria yake yenyewe, jambo ambalo majengo machache sana katika Kenya yamelipata.

Lakini mlango wake ulikuwa wa Wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kuingia akiwa na ufagio mkononi, si kwa kutaka kitabu. Wahindi walijenga Ukumbi wa Desai kwa ukumbusho wa yule Bwana Desai tuliyemtaja, aliyekufa mwaka 1926, na ndani yake wakaweka vitabu. Hivyo katika mji mmoja kila rangi ilisoma mahali pake, na rangi iliyokuwa na watu wengi kuliko zote ndiyo iliyokuwa na vitabu vichache kuliko zote. Mlango wa McMillan haukufunguliwa kwa watu wote mpaka miaka ya mwisho ya utawala wa kikoloni, maktaba ilipoingia mikononi mwa Halmashauri ya Mji.

Wazee wengi hufikiri kwamba habari inakwisha hapo: rangi ilizuia, uhuru ukafungua. Laiti ingekuwa hivyo! Kama rangi ndiyo iliyokuwa kizuizi peke yake, maktaba ingefika Kibera na Kawangware upesi baada ya mwaka 1963. Haikufika. Yatupasa basi kutafuta sababu nyingine.

SANDUKU LA VITABU

Kabla ya kuitafuta sababu hiyo, tueleze jaribio moja lililofanyika katikati, kwa maana lina mafundisho kwetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bibi Elspeth Huxley aliombwa na serikali za Afrika ya Mashariki achunguze mahitaji ya Waafrika ya vitabu. Mwaka 1948 likaundwa Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, makao yake Nairobi, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Bwana Charles Richards. Shirika hilo lilichapa vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za wenyeji, tena lilifanya kazi ya maktaba. Kwa kuwa halikuwa na majumba katika kila wilaya, lilitumia njia mbili. Ya kwanza ilikuwa posta: msomaji aliandika barua, akatumiwa kitabu, akakisoma na kukirudisha. Ya pili ilikuwa sanduku la vitabu. Sanduku lilipelekwa mahali penye shule au ukumbi wa ustawi, mtu mmoja akawekwa kulitunza na kuandika majina ya waazimaji, na baada ya muda likabadilishwa kwa jingine lenye vitabu vingine.

Twawaomba wazee walitazame sana jambo hili. Sanduku lilihitaji vitu vitatu tu: chumba kikavu, mtu mwaminifu, na daftari. Palipokuwa na vitu hivyo, vitabu vilizunguka. Palipokosekana mtunzaji, sanduku likawa kiota cha panya. Mwaka 1960 Bwana Sydney Hockey aliandika taarifa akishauri kwamba kila nchi ya Afrika ya Mashariki iwe na huduma yake ya maktaba, na kutokana na shauri hilo zikaja bodi za maktaba za Tanganyika, Uganda na Kenya. Lile Shirika la Vitabu lenyewe lilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 1977.

MAKTABA HUFUATA RAMANI

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Mji wa Nairobi ulipata hadhi ya jiji mwaka 1950. Halmashauri yake ilijenga mitaa ya Waafrika upande wa mashariki: Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na mingineyo. Nyumba hizo zilikuwa ndogo, na sheria zake zilikuwa kali, lakini zilikuwa nyumba za Halmashauri. Zilikuwa na namba, zilikuwa katika ramani, na aliyekaa ndani alikuwa katika daftari la kodi. Kwa hiyo Halmashauri ilipofikiri kuweka ukumbi, zahanati, au maktaba, iliangalia ramani yake na kuona mahali pa kuviweka. Ndiyo maana matawi ya Maktaba ya McMillan yaliwekwa Kaloleni na Makadara. Yote mawili yako Eastlands.

Na sisi je? Kibera haikuwa mtaa wa Halmashauri. Mwaka 1918 ilitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, ekari zaidi ya 4,000, na Wanubi waliokaa humo walihesabiwa na Serikali kuwa watu wanaokaa kwa hisani tu, wasio na haki ya kudumu. Jina lenyewe la mahali lilitoka katika neno lao lenye maana ya msitu, na Laini Saba yakumbusha mistari ya kulengea shabaha ya askari. Mtu anayekaa kwa hisani hajengewi kitu cha kudumu, maana kumjengea ni kukubali kwamba hatahama.

Kawangware nayo ilikuwa na shida ya namna nyingine. Dagoretti ilikuwa ardhi ya akiba ya Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu, nje ya mpaka wa mji. Watu wake walitembea kwenda kazini mjini asubuhi na kurudi jioni, lakini kwa mji walikuwa watu wa Kiambu, na kwa Kiambu walikuwa watu wa pembeni kabisa. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa, Dagoretti iliingizwa mjini. Kisha wapangaji wakaja kwa maelfu kutoka kila upande wa nchi, wenye mashamba wakajenga vyumba vya mabati, na mtaa ukajaa upesi kuliko barabara na mifereji ilivyoweza kuufuata. Wageni wengine walikuja Kibera, na huko pia vyumba viliongezeka bila mtu wa Halmashauri kuvitia katika ramani.

Basi sababu ni hiyo. Rangi ilipoacha kuwa kizuizi, ramani iliendelea kuzuia. Maktaba haiendi mahali penye watu wengi; huenda mahali ambapo mji umekiri kwamba watu wako. Hata hesabu yenyewe ya watu ilikuwa ya kubahatisha. Kwa miaka mingi vitabu na magazeti ya dunia yaliandika kwamba Kibera ina watu milioni moja. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipofanywa, ikatoa 170,070. Wako waliobishana na hesabu hiyo, lakini mabishano yenyewe ni ushahidi. Mahali ambapo watu wenye elimu wanapitana kwa mamia ya maelfu ni mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiandika.

BAADA YA UHURU

Bunge la Kenya lilitunga sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba mwaka 1965, na kazi ikaanza mwaka 1967. Mmoja wa waliotumika sana katika kuijenga alikuwa Bwana Francis Otieno Pala, aliyekuwa mkurugenzi wake. Matawi yalifunguliwa Kisumu, Nyeri, Embu, Nakuru, Kakamega, Mombasa na kwingineko. Ilikuwa kazi njema, na mtu wa Nairobi hana haki ya kuwaonea wivu watu wa mikoa, kwani wao walikuwa wamekosa zaidi.

Mwaka 1996 Bodi ilifanya jambo ambalo lilisifiwa katika nchi nyingi. Wafugaji wa Garissa huhama kufuata maji na malisho, na maktaba ya kukaa mahali pamoja haiwafai. Basi vitabu vilipakiwa juu ya ngamia, pamoja na hema na mikeka, vikapelekwa walipo watoto. Twalitaja jambo hili kwa heshima, lakini pia kwa kujiuliza. Ngamia alimfikia mtoto wa Garissa kabla meza haijamfikia mtoto wa Kibera, ambaye kutoka mlangoni kwao aona maghorofa ya mji. Kumbe umbali si hesabu ya maili. Waliokwenda Garissa walikubali kwanza kwamba watu wale wako, wakauliza wanaishije, ndipo wakatafuta mnyama wa kubeba.

Mwaka 2010 Katiba mpya iliweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, katika Jedwali la Nne. Na katika miaka ya kwanza ya muongo huo Kibera ikapata tawi la Huduma ya Maktaba ya Taifa. Halikuwa jumba la nguzo wala simba, lakini lilijaa. Kwa msaada wa shirika la EIFL wakutubi wake waliweka vishikwambi vichache vyenye masomo ya shule ya msingi yaliyotengenezwa hapa hapa Kenya, na watoto walikaa wengi kwa kishikwambi kimoja, kama vile baba zao walivyokaa wengi kwa gazeti moja. Mwaka 2017 Wanubi nao wakapewa hati ya kumiliki ekari 288. Kati ya kutangazwa kwa ardhi ya jeshi na hati hiyo imepita miaka 99.

Huko mjini, Maktaba ya McMillan na matawi yake yalikuwa yamechakaa. Mwaka 2017 mabibi wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, waliunda shirika la Book Bunk, wakaafikiana na serikali ya Kaunti kuyatengeneza. Hawakuanza na nyumba ya simba. Walianza na Kaloleni na Makadara, yaani na matawi yaliyo karibu na watu. Twaona walifanya vyema.

MAFUNDISHO YAKE KWETU

Wazee wetu, twarudi kwenye swali lenu. Je, si kazi ya Serikali? Ndiyo, ni kazi yake, na Katiba imesema. Wala hatusemi chama kichukue mzigo wa Kaunti. Twasema mambo matatu.

La kwanza, kinachopungua kwetu kabla ya kitabu ni meza. Mtoto wa shule hukabidhiwa vitabu vya masomo. Lakini nyumba ya wengi wetu ni chumba kimoja, futi 10 kwa 10, ambamo mama apika, mdogo alia, redio ya jirani yasikika kupitia mabati, na mgeni akija hulala palipokuwa pa kusomea. Umeme ukikatika huwashwa koroboi, na moshi wake huuma macho. Mtoto huyo hufanya mtihani mmoja na mtoto mwenye chumba chake na taa yake, kisha husemwa kuwa hana akili. Meza, taa na ukimya si anasa kwake. Chama kinachomsaidia mzazi kwa mazishi hakikosei kikimsaidia mtoto wake kwa taa.

La pili ni daftari. Tumeona kwamba maktaba hufuata ramani, na ramani hufuata maandishi. Tukiweka chumba, na kila jioni mtunzaji akaandika ni watoto wangapi wameingia, wa shule gani, na wangapi wamerudishwa kwa kukosa nafasi, baada ya mwaka tutakuwa na karatasi ya kupeleka kwa Kaunti. Hatutakwenda kuomba kwa machozi, tutakwenda na hesabu. Hasa kwa upande wa Kawangware, ambako makanisa, misikiti na shule vimejitahidi kila kimoja peke yake, hesabu ya namna hiyo ingefaa sana.

La tatu ni mtunzaji. Masanduku ya miaka ya 1950 yametufundisha kwamba vitabu bila mtu hugeuka takataka. Twajua pia tabia ya wafadhili: huleta vitabu vingi siku moja, hupiga picha, na wengine huleta vitabu ambavyo watu wa kwao wamevikataa. Heri vitabu 50 vilivyochaguliwa na walimu wetu, katika kabati lenye kufuli na mwenye ufunguo anayejulikana, kuliko 1,000 vilivyomwagwa sakafuni. Kwa hiyo pendekezo letu halianzi na vitabu. Laanza na chumba, meza, taa, saa za kufungua, na mtu wa kujibu mbele ya kamati.

Hatufichi gharama. Chumba kile kikipangishwa kingeleta kodi kila mwezi, na kodi hiyo ingemfaa mjane au mgonjwa. Mzee atakayesimama na kusema hivyo atakuwa amesema kweli, na asizomewe. Sisi twasema tu kwamba mitaa yetu imekwisha lipa kodi nyingine, isiyoandikwa katika vitabu vya mhasibu, kwa miaka yote ambayo watoto wake walisoma gizani. Tupime gharama hizo mbili pamoja, tusiipime moja peke yake.

Uamuzi ni wa wanachama. Twawasihi waje katika mkutano mkuu wakiwa wengi, wazee na vijana, wa Kibera na wa Kawangware, waketi pamoja kama ilivyo desturi yetu, na kila mmoja aseme lililo moyoni mwake. Lolote litakaloamuliwa litaandikwa katika kumbukumbu, ili wale watakaosoma taarifa za chama hiki miaka mingi baadaye wajue kwamba neno hili lililetwa, na jinsi tulivyolijibu.